Fundo Bombani

Sharayu alipanda treni ya Nagpur kwenda kumpokea mjukuu,
akaniachia funguo mbili, mtungi wa gesi nusu,
na kitambaa cha pamba alichokichana kwenye sari yake ya kijani.
"Usile biskuti miezi mitatu," akasema dirishani.
Miaka thelathini na minne nimeuza tiketi stesheni ya Miraj:
najua behewa gani husimama mkabala na choo,
sikujua chumvi inakaa kopo lipi.

Mara ya kwanza niliziloweka matki,
zile kunde ndogo za rangi ya udongo,
nikazisahau majini siku mbili.
Nyumba ikanuka soksi.
Nilipompigia simu alisubiri nimalize kujitetea,
ndipo akacheka.
"Usiku mmoja tu zinywe. Asubuhi mwaga maji,
zifunge, zitundike bombani, ondoka.
Mbegu haitaki kuzamishwa, bwana. Inataka kukumbukwa."

Nikatundika.
Usiku lile fundo likadondosha tone, tena tone, kwenye sinki,
na mimi niliyezoea king'ora cha treni ya saa tisa
nikalala kwa sauti hiyo ndogo.
Nilipofungua, kila punje ilikuwa na mkia
mweupe, uliojipinda kama mkato:
sentensi mia tano, hakuna iliyokwisha.

Hizo sikuzipika. Nilisimama hapo hapo,
kitunguu, ndimu, chumvi (kopo la tatu, lenye kutu),
nikatafuna nikisikia kichwani kru, kru,
kama mtu anayetembea juu ya kokoto za reli.
Jioni nikathubutu usal.
Haradali iliruka kutoka mafutani ikanichoma kidevu.
Mvuje, binzari, ukwaju, kibonge cha sukari guru;
nazi niliikuna pamoja na ngozi ya kidole.
Mkate wa mtama ulinishinda, nikaununua kwa Indutai wa chini,
naye akauonja mchuzi wangu kwa ncha ya ulimi:
"Haujambo."
Haujambo! Nilitembea siku nzima
kama niliyepandishwa cheo.

Tangu hapo bomba halijakaa bure.
Choroko zikiota nazisaga na tangawizi,
naupaka uji wake juu ya chuma cha moto, mwembamba,
unainuka kingo wenyewe.
Kiporo cha usal nakizamisha kwenye rojo la pilipili,
chevda juu, nalia machozi saa mbili asubuhi, naongeza.
Uwatu nao ukiota hupunguza ukali,
kidogo tu, kama Bwana Kelkar tangu alipostaafu.
Kuna siku nachoka. Nazitupia kwenye kichri, basi.
Na wanaosema ngoja-ngoja huumiza matumbo
waje waulize langu.

Mwezi wa pili nikaotesha ulezi.
Punje zake ni nukta; mikia yake haionekani bila miwani.
Niliuanika juu ya magazeti chini ya feni,
nikaukaanga hadi ukanukia, nikaupeleka mashineni:
kilo moja na robo ya kimea, wekundu wa vumbi la njiani.
Nikamkabidhi gadi Bhaskar Otari, kijana niliyemfundisha kazi.
*Kwa mjukuu*, niliandika kwenye mfuko.

Sharayu alipiga simu usiku.
"Madhukar, mtoto ana wiki tatu.
Hata shingo hajakaza, sembuse kula uji."
Nikanyamaza. Sikuwa nimefikiria shingo.
Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli.
"Lakini mama yake yuko bakuli la pili. Na mimi hili la kwanza."
Akameza.
"Umetia iliki. Ulijuaje ilipo?"

"Kopo la tano," nikamwambia, "nyuma ya majani ya chai,"
na nyuma yangu, gizani,
fundo likadondosha tone.